Kicheko cha Mabwanyenye: Opera ya Nicolai na Tamthilia ya Shakespeare

Swali la urithi wa sanaa wa tabaka la mabwanyenye hujibiwa kwa haraka mno katika madarasa yetu ya itikadi, na majibu mawili yanayosikika mara nyingi yote ni potofu. Wako makada ambao wakisikia neno "opera" hukunja uso na kusema kwamba hiyo ni anasa ya matajiri wa Ulaya, haituhusu ndewe wala sikio. Wako na wengine, hasa waliobahatika kusoma nje, ambao hulipigia magoti jina la Shakespeare kana kwamba tamthilia zake zilishuka kutoka mawinguni bila kupita katika mikono na matumbo ya watu. Kundi la kwanza limesahau kwamba Lenin, alipozungumza na vijana wa kikomunisti Oktoba 1920, aliwaonya kuwa utamaduni mpya haujengwi juu ya patupu, bali juu ya ujuzi wote ambao binadamu wameulimbikiza hata chini ya mifumo ya unyonyaji. Kundi la pili limesahau jambo jepesi zaidi: kwamba mtu hali mashairi.

Hapa nataka kuchukua kazi moja na kuichambua kwa utaratibu, fani na maudhui yake, ili tuone uhakiki wa kitabaka unavyoweza kufanywa bila uvivu. Kazi yenyewe ni opera ya kuchekesha ya Kijerumani, *Die lustigen Weiber von Windsor*, yaani wake wachangamfu wa Windsor. Muziki wake ulitungwa na Otto Nicolai, na maneno yaliandikwa na Salomon Hermann Mosenthal kutokana na tamthilia ya Shakespeare ya *The Merry Wives of Windsor*. Nimeichagua kwa sababu tamthilia hiyo ina nafasi ya pekee katika fikra za waasisi wa ujamaa wa kisayansi. Engels, katika barua yake kwa Marx ya Desemba 1873, alisema kwamba sehemu ya kwanza peke yake ya tamthilia hiyo ina uhai na ukweli mwingi kuliko fasihi nzima ya Kijerumani. Zingatia, ndugu msomaji, kwamba Engels alitaja sehemu ya kwanza. Tutarudi hapo, maana ndipo ulipo ufunguo wa suala lote.

Tuanze na misingi ya kiuchumi ya kisa chenyewe. Tamthilia iliandikwa karibu na mwaka 1597 na kuchapwa mara ya kwanza mwaka 1602. Uingereza ya miaka hiyo ni nchi ambamo ukabaila unakufa na ubepari unaota meno. Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki iliundwa mwaka 1600. Mji wa Windsor uko chini ya kuta za kasri ya kifalme, lakini wanaoutawala katika maisha ya kila siku ni wenyeji wenye mali, akina Ford na Page, watu wa maduka, akiba na mahari. Katikati yao anaingia Sir John Falstaff, kabaila aliyefilisika. Cheo anacho, tumbo analo, fedha hana. Anakaa katika nyumba ya wageni na kutumia pauni 10 kwa wiki, na hana uwezo wa kuwalisha wafuasi wake, askari wa zamani walioachwa na vita bila kazi. Mmoja wao, Bardolph, anamkabidhi kwa mwenye nyumba ya wageni awe mtumishi wa pombe. Wengine wawili wanakataa kumbebea barua zake za hila, wakafukuzwa, wakaenda kumchongea.

Barua hizo ni zipi? Falstaff amewaandikia wake wa Ford na Page maneno yale yale ya mapenzi, jina tu limebadilishwa. Mapenzi hayamo. Amesikia kwamba wanawake hao ndio wanaoshika mifuko ya waume zao, na anatamka waziwazi kwamba mmoja atakuwa India yake ya Mashariki na mwingine India yake ya Magharibi, naye atafanya biashara na wote wawili. Hapo mwandishi wa Kiingereza, miaka michache kabla ya kampuni ya kikoloni kupewa hati yake, anaweka kinywani mwa mlafi picha ya ukoloni mzima: mwanamke ni bara la kwenda kuvuna. Sijui sentensi nyingine katika tamthilia za kuchekesha za wakati ule inayosema mengi kiasi hicho kwa maneno machache namna ile.

Si hilo tu. Katika sehemu hiyo hiyo ya kwanza hakimu wa kijijini anamlalamikia Falstaff kwa kumwulia paa wake na kuwapiga watumishi wake. Binti Anne Page anatajwa, na papo hapo zinatajwa pauni 700 alizorithishwa na babu yake. Baadaye tunaelezwa kuwa mchumba mmoja, zuzu asiyejua hata kumtongoza, anakubalika kwa baba kwa sababu ana pauni 300 kwa mwaka. Kila mtu anapoingia jukwaani, tunajua anakula nini na nani analipa. Huu ndio uhai na ukweli ambao Engels aliusifu. Hata mwaka 1859, alipoihakiki tamthilia ya Lassalle juu ya Sickingen, alimlaumu kwa kukosa mandhari ya Falstaff, yaani ule umati wa walalahoi, watoro na askari wasio na ajira ambao ukabaila unaooza huwatapika.

Sasa tufungue opera. Pazia linapofunguliwa, wake wawili tayari wanazo barua mikononi. Wanazisoma, wanazilinganisha, wanakasirika, wanacheka, wanapanga kisasi. Ni wimbo wa watu wawili ulio mzuri kupita kiasi. Lakini sehemu ya kwanza, ile ya Engels, imekwenda wapi? Imekatwa. Bardolph hayupo, na wenzake wawili hawapo. Hakimu na paa wake hawapo. Mtumishi Mistress Quickly, anayebeba habari za kila mtu na kupokea senti za kila mtu, hayupo. India ya Mashariki na ya Magharibi hazipo. Falstaff wa Nicolai anaingia akiwa tumbo, sauti nene na kiu. Sababu ya kiuchumi ya ujanja wake imefifia, na anayemtazama anadhani ni mzee mtongozaji tu.

Mosenthal amewabadili pia majina akina bwana na bibi, na hapa historia inafanya mzaha wake. Ford ameitwa Fluth, yaani mafuriko. Page ameitwa Reich, neno ambalo kwa Kijerumani ni tajiri. Mchumba zuzu ameitwa Spärlich, yaani haba. Utajiri umeondolewa katika matendo ukabandikwa kwenye jina, kama kibao mlangoni.

Kijana Fenton naye amesafishwa. Kwa Shakespeare ni muungwana aliyetapanya mali yake, na anakiri mbele ya Anne kwamba kilichomvuta kwanza ni utajiri wa baba yake. Baadaye ndipo alipompenda mwenyewe. Ungamo hilo lina uzito, maana linaonyesha jinsi hata penzi la kweli linavyozaliwa ndani ya soko. Katika opera Fenton ni maskini mwema na mpenzi safi tangu mwanzo, na Bwana Reich anamkataa kwa ufukara wake. Msikilizaji atamhurumia Fenton wa opera kwa urahisi zaidi, ila hatajifunza kitu kwake.

Mhakiki wa papara atasema hapa: basi, shauri limekwisha, Nicolai aliwatumikia mabwanyenye, na ushahidi wake ni tarehe. Opera ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 9 Machi, 1849, katika jumba la opera la mfalme mjini Berlin, mtunzi mwenyewe akiiongoza orkesta. Mwaka mmoja kabla, Machi 1848, watu wa Berlin walijenga vizuizi mitaani na kumwaga damu wakidai katiba. Novemba ya mwaka huo jeshi la Jenerali Wrangel liliingia mjini, Desemba mfalme akalivunja bunge la Prussia, na usiku ule wa opera mji ulikuwa bado chini ya amri ya kijeshi. Ndani, elfu za mwezi wanacheza. Nje, bunduki zinalinda. Picha hii inavutia, nami nimewahi kusikia ikitolewa darasani kama hitimisho.

Hitimisho hilo haliwezi kusimama. Nicolai alianza kuitunga opera hii mwaka 1845, akiwa kiongozi wa muziki mjini Vienna, miaka mitatu kabla ya vizuizi. Haiwezi kuwa majibu ya mapinduzi yaliyoshindwa. Vienna iliikataa, naye akahamia Berlin. Kazi ya sanaa haisomwi kwa tarehe ya onyesho la kwanza peke yake, kama vile mkulima hahukumiwi kwa siku ya mavuno bila kuuliza alipanda lini na katika udongo gani.

Tena fani nayo ina sheria zake. Neno linaloimbwa huchukua muda mara tatu au nne ya neno linalosemwa. Hakuna mtunzi wa opera awezaye kubeba watu 20 wa Shakespeare na mambo yao yote, lazima akate. Kwa hiyo si haki kumlaumu Mosenthal kwa kukata. Lawama, kama ipo, ni juu ya alichochagua kukata na alichochagua kubakiza. Alikuwa na nafasi ya kubakiza askari mmoja mwenye njaa, akabakiza wachumba wawili wa kuchekesha. Alikuwa na nafasi ya kumbakiza mtumishi mwanamke. Hakumbakiza. Uchaguzi wa namna hii haukufanywa kwa chuki. Mwandishi wa jumba la opera la wakati ule, lenye viti vya wakuu na udhibiti wa serikali, hakuhitaji kuambiwa ni watu gani wasingependeza jukwaani. Itikadi ya tabaka linalotawala hufanya kazi yake vizuri zaidi pale ambapo hakuna anayeihisi.

Sikiliza pia ni nani anayeimba. Opera hii imetungwa kwa mtindo wa Kijerumani ambamo mazungumzo ya kawaida huchanganyika na nyimbo. Wenye mali na wachumba wao wanaimba. Kabaila anaimba, na wimbo wake wa ulevi umekuwa kipenzi cha waimbaji wote wa sauti nene. Mwenye nyumba ya wageni anasema tu. Mhudumu anasema tu. Watumishi wanaobeba lile tenga la nguo chafu, ambamo Falstaff amefichwa kabla ya kumwagwa mtoni, hawakupewa wimbo wa kwao. Mzigo wote wa kicheko uko mabegani mwao, lakini hawana noti.

Na tazama mwisho, katika msitu wa Windsor usiku, ambapo mji mzima umejigeuza majini na mazimwi ili kumtesa mzee. Kwa Shakespeare, kama alivyochapwa katika kitabu kikuu cha mwaka 1623, malkia wa majini ni Mistress Quickly, mtumishi wa nyumba ya daktari. Kwa muda wa usiku mmoja, mwanamke anayefua na kupika ndiye anayevaa taji na kumhukumu bwana mkubwa. Katika opera taji hilo limehamishiwa kichwani mwa Anna, binti wa Reich, anayejitokeza kama Titania, na Fenton pembeni yake. Muziki wa kuchomoza kwa mwezi mahali hapo ni wa ajabu: violini zinashikilia sauti ya juu bila kuyumba, huku wimbo ukitembea chini katika sello na besi. Ndio unaofungua pia utangulizi wa opera, ule unaopigwa mara nyingi kwenye matamasha na redio, na wengi wanaoujua hawajapata kuiona opera yenyewe. Sioni aibu kusema kwamba ni muziki mzuri. Taji limehamishwa kwa uzuri mno, na ndiyo sababu watu hawakuona kwamba limehamishwa.

Lakini tungekuwa wadhalimu tukiishia hapo, kwa sababu kuna jambo moja ambalo muziki wa Nicolai umelifanya vizuri kuliko maneno aliyopewa, nalo ni suala la wanawake. Bibi Fluth ndiye ubongo wa opera nzima. Katika wimbo wake mrefu wa mwanzo yuko peke yake jukwaani, na anafanya mazoezi ya uongo atakaomwambia Falstaff: anajaribu sauti ya mke aliyeshindwa na mapenzi, anaicheka mwenyewe, anaanza upya. Orkesta inamfuata kama mtumishi mwaminifu. Akibadili nia, nayo inabadilika. Mume wake, kinyume chake, kila anapoimba kwa hasira tayari amechelewa. Muziki unatuonyesha nani anaijua hali halisi na nani anaishi katika dhana. Kumbuka kwamba katika Uingereza ya Shakespeare mali ya mke ilikuwa chini ya mumewe, na hali hiyo haikubadilishwa ipasavyo na sheria mpaka mwaka 1882. Falstaff anafikiri wake wanashika mfuko. Ukweli ni kwamba wanashika funguo tu, na mfuko ni wa bwana. Werevu wao ni silaha ya mtu asiyekuwa na haki ya kumiliki.

Ndiyo maana tukio la sehemu ya pili linanisumbua kila nikilifikia. Falstaff amevikwa nguo za ajuza, jamaa wa mbali ambaye Fluth amempiga marufuku nyumbani kwake. Fluth anamkuta, anachukua fimbo na kumpiga. Ukumbi unacheka. Tunacheka kwa sababu tunajua ndani ya nguo zile yupo mnyonyaji mnene. Fluth hajui. Yeye kwa akili zake anampiga kikongwe maskini, na hakuna mtu mjini anayemwuliza kwa nini. Wake wawili wametumia ukatili wa mume, ambao wanaujua vizuri, kama chombo cha kumwadhibu kabaila. Ukatili wenyewe wameuacha mahali pake. Mume anaombwa aache wivu. Fimbo haitajwi. Kicheko hiki kina mpaka, na mpaka wake ni mlango wa nyumba ya bwanyenye.

Ili kuona kwamba mambo yangeweza kuwa vingine, tumlinganishe Nicolai na Albert Lortzing, mtunzi mwingine wa opera za kuchekesha, aliyekuwa Vienna mwaka 1848. Mwaka huo Lortzing alitunga *Regina*, opera inayoanza na wafanyakazi wa kiwanda wanaodai haki zao na kutaja mgomo. Ni kazi yenye kasoro, na wafanyakazi wake wamegawanywa kuwa wema na waovu kwa namna isiyoridhisha. Hata hivyo wafanyakazi hao wanaimba. Lortzing hakuiona jukwaani. Ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1899, ikiwa imebadilishwa, na yeye alikuwa amekufa fukara mjini Berlin tangu Januari 1851. Naye Nicolai hakupata muda wa kufaidi. Alifariki ghafla tarehe 11 Mei, 1849, miezi miwili baada ya onyesho la kwanza, akiwa hajatimiza miaka 39, na siku hiyo hiyo alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Sanaa cha Prussia. Mei hiyo hiyo Engels alikuwa Elberfeld, akisaidia kupanga vizuizi vya mwisho.

Kuna upande mwingine wa Nicolai ambao wahakiki hawautaji sana. Mwaka 1842, akiwa Vienna, aliongoza tamasha la kwanza la wanamuziki wa jumba la opera waliojikusanya kufanya matamasha kwa hesabu yao wenyewe. Kutokana na mwanzo huo ilikua orkesta ya Wiener Philharmoniker, ambayo hadi leo hujiendesha yenyewe kwa mkutano wa wanachama, karibu na mfano wa ushirika. Katika kazi yake ya utendaji alikuwa mbele kuliko maneno ya opera yake. Lakini ushirika huo huo haukumkubali mwanamke kuwa mwanachama mpaka mwaka 1997. Wanaume wale walipiga utangulizi wa wake wa Windsor kwa vizazi kadhaa bila kuhisi kwamba unawahusu.

Verdi alikikabili kisa hiki upya katika *Falstaff* ya mwaka 1893, na hakuwatupa nje Bardolph na Pistol wala Quickly. Hilo pekee linathibitisha kwamba opera inaweza kuwabeba. Huko Ujerumani ya Mashariki shirika la filamu la DEFA lilitengeneza filamu ya opera ya Nicolai mwaka 1950, nyumba za mji zingali magofu ya vita. Dola ya wafanyakazi haikuiona opera hii kama kitu cha kuchomwa moto, nami naona ilifanya sawa, ingawa kuirithi na kuihakiki ni kazi mbili tofauti.

Kwa upande wa Kiswahili, tuna uzoefu wetu wa kumchukua Shakespeare na kumgeuza. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili, na ya pili, ya mwaka 1969, hakuiita mfanyabiashara wa Venisi, kama ilivyo kwa Kiingereza. Aliiita *Mabepari wa Venisi*. Kwa neno moja mtu mmoja alikuwa tabaka. Wake wa Windsor nao wamesema Kiswahili: Aprili 2012 kikundi kutoka Nairobi kiliwaonyesha katika ukumbi wa Globe mjini London kwa jina la *Wanawake wa Heri wa Winsa*, na Falstaff aliigizwa na Mrisho Mpoto wa Tanzania. Kilichochukuliwa hapo ni tamthilia, siyo opera, na kwa hiyo njaa ya Falstaff ilisafiri pamoja naye.

Kikundi cha masomo kinachotaka kuifanyia kazi opera hii hakihitaji vyombo vingi. Kisome kwanza ile sehemu ya Engels kwa sauti, hasa pale Falstaff anapohesabu pauni 10 za wiki na kuzigawa India mbili. Kisha kisikilize wimbo wa wake wawili unaofungua opera, na kila mwanafunzi aandike majina ya watu waliokuwamo katika usomaji na hawamo katika wimbo.